TV ya Inchi 55 ya Lipa Pole Pole: Uchambuzi, na Jinsi Nilivyoirudisha Pamoja na Deni Lake

Hamjambo, karibuni. Kabla sijasema mengi, tazameni hapa ukutani. Mabano mnayaona, waya wa dikoda unaning'inia mnauona, TV hamna. Huu ndio uchambuzi niliowaahidi mwezi wa pili. Umechelewa kwa sababu TV yenyewe ilienda kwa fundi, ikarudi, halafu mwezi wa sita nikaipeleka dukani mwenyewe na sikutoka pale mpaka nikapata saini.

Jina la duka silitaji, wala la kampuni ya mkopo. Tumeshamalizana. Ila jinsi tulivyomalizana, hapo nina maneno.

TV kwanza, kwa ufupi. Picha nzuri, hilo siwezi kuisingizia. Mpira wa usiku ulionekana hadi majani ya uwanjani. Sauti nyembamba, kama mtu anaongea ndani ya debe. Rimoti nyepesi mno, nilikuwa naiogopa. Kwa shilingi za Kenya 54,000 taslimu ningeipa saba kwa kumi, tungeishia hapo.

Wiki ya saba, jioni, tukiwa kwenye habari, ukatokea mstari. Mwembamba, wa kijani, umesimama wima kutoka juu hadi chini, upande wa kushoto. Mamangu akasema, "Hiyo ni mvua huko kwenye mtambo." Nikabonyeza menyu ya TV yenyewe. Mstari ukapita juu ya menyu pia. Hicho ndicho kipimo cha kwanza, na kifanye huku simu inarekodi: mstari ukikata menyu, usimlaumu dikoda wala antena, ugonjwa uko ndani ya TV.

Mistari ya wima namna hii mara nyingi hutoka pembeni mwa kioo. Kuna tepe nyembamba mno zinazobeba ishara kutoka kwenye bodi hadi kwenye kioo, zimegandishwa kwa joto kiwandani. Utepe ukilegea mahali, safu nzima ya nukta inakosa amri yake, nawe unaona mstari. Kubadilisha kioo kizima ni gharama inayokaribia TV mpya, ndiyo maana hakuna duka linalokimbilia kukibadilisha.

Nikaripoti usiku uleule kwa meseji, na picha juu. Fundi wa duka alikuja baada ya siku tisa. Kijana mwenye adabu, akavua viatu mlangoni, akaitazama TV, akaanza kujaza fomu. Nikachungulia: ameandika kwamba umeme ulizidi. Nikamwambia, "Kaka, hapo sitii saini." Yaani, TV ilikuwa imechomekwa kwenye kikinga umeme, friji iko sawa, redio iko sawa. Na umeme ukizidi kwa kawaida huunguza bodi ya umeme, TV haiwaki kabisa. Hii inawaka vizuri tu, ina mstari. Akacheka, akakata, akaandika "mstari kwenye skrini". Hilo neno moja ndilo lililoniokoa baadaye, kwa sababu waranti hailipii umeme uliozidi, wala maji, wala kioo kilichogongwa. Soma fomu ya fundi kama unavyosoma hati ya shamba.

Wakakaa nayo wiki tatu. Ikarudi safi. Siku ya kumi na moja, mistari miwili. Nikamwita fundi wa mtaani kwetu Kisauni, Mombasa, aichungulie tu pembeni bila kufungua, maana ukifungua wewe, waranti imekufa. Akamulika tochi kwenye upenyo wa fremu, akanionyesha: kipande cha sponji kimechomekwa kuubana ule utepe. Wiki tatu, sponji! Nikacheka, sikuwa na la kufanya.

Hapo nikasema sitaki kutengenezewa tena, nataka pesa zangu. Na hapa ndipo lipa pole pole inapokuwa mnyama mwingine. Ngoja nisogeze karatasi karibu na kamera.

Malipo ya kwanza dukani, 12,000. Kisha 4,500 kwa mwezi, miezi kumi na miwili, ambayo ni 54,000. Jumla 66,000 kwa TV ya 54,000. Lakini zile 4,500 silipi duka. Nalipa kampuni ya mkopo, ambayo ililipa duka 42,000 siku ileile niliyobeba TV. Kwa hiyo duka lilishapata pesa zake zote tangu siku ya kwanza. Kufikia mwezi wa sita mimi nilikuwa nimetoa 12,000 na awamu nne, yaani 18,000. Jumla 30,000.

Duka likanipigia simu kwa furaha. "Dada, tumekubali, lete TV tukurudishie pesa yako kwa M-Pesa leo leo." Nikauliza pesa gani. "Ile uliyotulipa, 12,000." Na deni? "Hayo zungumza na wenye mkopo." Nikawapigia wenye mkopo. "Mama, sisi hatuuzi TV. Bado unadaiwa 36,000."

Hebu itazameni hesabu hiyo taratibu. Ningekubali, ningerudi nyumbani bila TV, nina 12,000 mkononi, na deni la 36,000 juu ya kitu ambacho kiko stoo ya duka. Na jirani yangu mmoja hapa, kwa kochi si kwa TV, alikubali hivyohivyo. Bado analipa.

Kwa hiyo swali la kuwauliza dukani si "mtanirudishia pesa ngapi". Waulize, "Hizi 42,000 mlizopewa na kampuni ya mkopo mnazirudisha lini kwao, na nani ananiandikia kwamba akaunti yangu imefungwa?" Nilipouliza hivyo, yule dada wa kaunta akaenda kumwita meneja. Kabla ya hapo meneja hakuwahi kuwepo.

Wengi wenu mtasema, mimi ningeacha tu kulipa, waje wanikamate. Msifanye hivyo. Kwao wewe si mteja mwenye TV mbovu, wewe ni mtu aliyechelewa kulipa, na jina linaenda CRB, zile kampuni zinazotunza rekodi za wakopaji. Nililipa kila mwezi kwa tarehe, na kila mara nikawatumia barua pepe: nalipa huku napinga, TV ina kasoro, nimeshaikataa. Iliniuma. Lakini siku ya mazungumzo hakuna aliyeweza kunigeuzia kibao. Na ripoti yako ya CRB unaweza kuiomba bure mara moja kwa mwaka. Mimi niliichukua baada ya yote kuhakikisha.

Meneja alikuja na risiti yangu, akaniwekea kidole kwenye yale maandishi ya chini: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nilikuwa nimejiandaa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, sura ya 31, kifungu cha 16, inamtaka mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani auze kitu chenye ubora wa kuuzika. Na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inasema masharti hayo hayafutwi na maandishi ya mkataba. Juu ya hapo kuna Katiba ya 2010, kifungu cha 46, kinachompa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na fidia akipata hasara. Mimi si wakili. Nilisoma tu, nikayaandika kwenye barua ya ukurasa mmoja, nikaambatanisha picha, fomu ya fundi na tarehe. Tarehe ni muhimu, maana ukikaa na kitu muda mrefu kimya, wanaweza kusema ulikikubali.

Mwisho wa barua nikaweka siku kumi na nne, la sivyo naenda Mahakama ya Madai Madogo. Hii inachukua madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria inataka hukumu itoke ndani ya siku 60. Kwa duka, kukaa kortini na mama mmoja kwa ajili ya TV yenye sponji ni hasara tupu. Siku ya tisa wakanipigia.

Wakajaribu kwanza kunipa TV nyingine. Si wazo baya, kama unaitaka, ila uliza waranti inaanza upya au inaendelea ile ya zamani. Yao ilikuwa inaendelea. Nikakataa.

Kidogo tu pembeni, kwa wale ambao mkataba wao unasema TV ni mali ya muuzaji mpaka ulipe shilingi ya mwisho. Huo unaweza kuwa chini ya sheria nyingine, ile ya Hire Purchase, sura ya 507. Humo, ukishalipa theluthi mbili ya bei yote, hawawezi kuja kuibeba TV sebuleni bila kwenda kortini. Kwa bei kama yangu, theluthi mbili ni 44,000. Wangu haukuwa wa namna hiyo, ulikuwa mkopo. Basi soma ukurasa wa kwanza ujue wako ni upi.

Tukamaliza hivi. Duka lilinirudishia 12,000 kwa M-Pesa, nikiwa nimesimama palepale. Duka likarudisha 42,000 kwa kampuni ya mkopo. Kampuni ikanirudishia awamu zangu 18,000, ikakata 1,500 ikasema ni ada ya kufungua akaunti. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka, na mpaka leo hiyo 1,500 inanikera. Ningebishana wiki moja zaidi ningeipata. TV sikuiachia mpaka barua ya kufunga akaunti ilipofika kwenye simu, salio sifuri. Meneja alikunja uso. Mimi nikakaa kwenye kiti cha wateja, mkono juu ya boksi, dakika arobaini.

Alama, basi. TV, tatu kwa kumi, hizo tatu ni za picha. Fundi wa fomu, tisa. Wenye mkopo, mbili.

Sasa tunatazama habari kwenye ile ya zamani ya inchi 32, iko pale juu ya kabati, na mamangu anasogeza kiti. Mabano haya nilifungiwa kwa 1,500 na yamekaa bure. Aliye Kisauni na TV ya inchi 55, ninayauza 1,000. Kuyang'oa ni juu yako.