Picha za zamani: skana au simu?

Picha ya harusi ya bibi, ndogo kama kiganja, ipeleke kwenye skana. Ukiiskani kwa nukta 600 kwa inchi, utaweza kuikuza na hata waliosimama nyuma ukawatambua. Kwa picha za namna hiyo mimi simu siikubali: karatasi inayong'aa hurudisha mwanga, na mkono ukitikisika kidogo tu sura zinafifia.

Ila zilizogandia kwenye albamu usizibandue, zitachanika. Hizo piga kwa simu, mchana, karibu na dirisha, taa zimezimwa. Upande wa nyuma ukiwa na majina au mwaka, nao uchukue.

Kwenye kundi la familia la WhatsApp zitume kama dokumenti. Zikitumwa kama picha za kawaida hubanwa na kupoteza ubora.