Audacity kwa sauti za tovuti: kazi inafanya, dirisha la kutolea faili ndilo lina mitego

Kikundi cha ngoma cha Bagamoyo kinachotaka sauti zake zisikike kwenye tovuti hakina haja ya kununua programu. Audacity ni ya bure, inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux, na kompyuta ya kawaida inaimudu. Kukata, kuunganisha na kusawazisha sauti inafanya vizuri. Tatizo linaanza unapobonyeza Ctrl+Shift+E ili kutoa faili: unaletewa WAV, FLAC, MP3, Ogg na M4A, uchague mwenyewe bila kuelezwa ipi ni ya nini.

Tuanze na mtego mdogo. Ukihifadhi kazi kwa njia ya kawaida unapata faili lenye mkia wa aup3. Hilo ni faili la mradi, linafunguka ndani ya Audacity tu. Ukilipakia kwenye tovuti, msikilizaji hatasikia kitu.

WAV ni ya kuweka kabatini. Stereo ya biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde inakula takriban MB 10 kwa dakika, kwa hiyo ngoma ya dakika 8 inafika MB 85. Nani atachoma bando lake hivyo? Wimbo huohuo kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hauzidi MB 8. Angalia pia biti: Audacity hufanya kazi ndani kwa biti 32, na ukitoa WAV ya biti 32 ukubwa unakuwa mara mbili ya ile ya 16, na baadhi ya vifaa vinaikataa. Nakala mama ikiwa FLAC utaokoa nafasi bila kupoteza sauti hata chembe. Usihariri MP3 kisha ukaitoa tena MP3. Kila ubanaji mpya unakwangua kilichobaki.

Kwa tovuti, MP3 ndiyo salama kuliko zote, maana vivinjari vyote vya leo vinaifungua. Lakini ngoma zetu zinaisumbua. Fremu moja ya MP3 ina sampuli 1,152, kama milisekunde 26. Pigo la chapuo likianguka katikati, kelele ya ubanaji husambaa hata kabla ya pigo, na badala ya kofi kavu unasikia mchakacho mwembamba ukilitangulia. Kodeki, yaani kibanaji chenyewe, hujaribu kukwepa kwa kutumia vipande vifupi zaidi, ila biti zikiwa chache ujanja huo unaishia njiani. Manyanga ndiyo yanayoumia kuliko yote: sauti yake imejaa masafa ya juu yasiyo na mpangilio, na kwa kilobiti 64 hugeuka kama maji yanayochuruzika. Ilimba nayo hupoteza ule mvumo wake wa kukwaruza, na ilimba bila mvumo ni nusu ilimba.

Kwa ngoma yenye manyanga, basi, weka 192. Uimbaji na zeze, 128 inatosha. Mahojiano au hadithi, toa kwa mono, kilobiti 64. Kuweka sauti ya mtu mmoja kwenye stereo ni kulipia chumba kisicholalwa. Mpangilio wa mwanzo wa Audacity kwa MP3 unabadilika kati ya 170 na 210. Si mbaya kwa muziki, lakini kwa mahojiano ya saa nzima ni israfu, na baadhi ya vichezeshi hukosea kuonyesha urefu wa faili la namna hiyo. Rekodi ndefu ipe kasi ya biti isiyobadilika.

Opus, aina nyingine ya ubanaji inayowekwa ndani ya faili la Ogg na iliyofanywa kiwango rasmi mwaka 2012, inabana vizuri kuliko MP3: kilobiti 96 zinabeba ngoma bila aibu, na maneno matupu yanaeleweka hata kwa 32. Kinachoizuia ni iPhone za zamani, ambazo hazifungui faili la Ogg. Weka yote mawili ndani ya tagi ya audio ya HTML, Opus juu na MP3 chini. Kivinjari huchukua la kwanza kinaloliweza. Ongeza preload="none" ili sauti isianze kupakuliwa kabla mgeni hajabonyeza. M4A iache: kwenye Windows, Audacity inadai maktaba ya FFmpeg isakinishwe pembeni, na kwa kazi hii haikupi cha ziada.

Kabla ya kutoa, shusha kilele hadi desibeli -1, kwa sababu ubanaji hupandisha vilele kidogo na sauti iliyogusa desibeli sifuri, ambayo ndiyo dari, hupasuka. Rekodi ya ufukweni ina upepo, na upepo unakula biti bure. Kwenye maongezi kata masafa yaliyo chini ya hezi 80. Kwenye ngoma usithubutu, utaondoa uzito wa vumi.

Faili likigoma baada ya kupakiwa, usirudi haraka kulaumu Audacity. Seva nyingi zinatofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo Ngoma.MP3 na ngoma.mp3 kwao ni faili mbili tofauti. Andika majina kwa herufi ndogo, bila nafasi. Kwa Opus hakikisha seva inaitambulisha kama audio/ogg. Ikitambulishwa vingine, kuna vivinjari vitakavyoipakua badala ya kuicheza.