Uzoefu wangu na seti ya miguu ya Datsun 240Z: "orijino, haijaguswa"

Nyota tatu kati ya tano. Datsun 240Z ni gari la michezo la Kijapani la zamani. Seti niliichukua kwa muuzaji wa spea kuukuu hapa Nakuru: miguu minne (mabomba yenye shoki ndani yanayosimama kwenye kila gurudumu) ikiwa na springi zake, mikono ya chini ya mbele na nyuma (vyuma vinavyounganisha miguu na chesisi), na zile fimbo mbili zinazoshikilia mkono wa mbele kwenye chesisi. Tangazo lilisema orijino, haijaguswa. Orijino ilikuwemo, tena kwa wingi. Kutoguswa ndiko hakukuwepo.

Usikague chochote kabla ya kuosha. Vumbi la huku likishikana na grisi hufanya ganda linaloficha weldi, alama na nyufa. Dizeli, brashi ya waya, kitambaa, kisha toa kila kitu juani.

Anza na mabomba ya miguu. Kwenye 240Z mguu wa mbele ni kitu kimoja na spindo inayobeba gurudumu, na wa nyuma ni kitu kimoja na nyumba ya beringi. Mtu akitaka kuufupisha, hana njia ila kukata bomba na kulichomelea. Pitisha ukucha kulizunguka. Weldi ya kikalio cha springi ni ya kiwandani. Ukucha ukikwama kwenye mshono mwingine unaozunguka bomba zima, hapo pamekatwa. Yangu yote manne yalikuwa salama.

Lakini nati kubwa ya juu ya mguu wa nyuma kulia ilikuwa imetafunwa na meno ya spana ya bomba. Kuifungua, shoki ya kiwandani, ile ambayo pistoni yake hufanya kazi ndani ya mafuta ya bomba lenyewe, haikuwemo. Ilikuwemo katriji, yaani shoki iliyofungwa kamili inayotumbukizwa ndani ya bomba. Si dhambi, magari mengi ya umri huu yamebadilishwa hivyo. Dhambi ni kwamba aliyeiweka aliiacha kavu. Mafuta kidogo humiminwa kati ya katriji na bomba ili joto lipate njia ya kutoka. Bila hayo katriji hupikika kwenye barabara ya mashimo. Usijaze pia, kwa sababu katriji ikishuka mafuta hupanda na kufurika.

Jihadhari usipewe miguu ya 280Z, toleo la baadaye la gari hili. Bomba lake ni nene zaidi, kwa hiyo katriji haziingiliani. Kwa nyuma, hesabu meno ya ekseli fupi ya gurudumu: 240Z ina 25, 280Z ina 27. Tia rangi jino la kwanza, la sivyo utahesabu mara nne na kupata majibu manne.

Springi za mbele ndizo zilizonikera. Zilikuwa za kiwandani kweli, ila zimekatwa. Ncha ilikuwa na kingo kali na rangi ya samawati pale grenda ilipochoma chuma, tena kulia na kushoto hazikulingana idadi ya mizunguko. Springi iliyokatwa haikai sawa kwenye kikalio chake. Muuzaji alikubali kurudisha pesa ya hizo mbili.

Mikono ya nyuma ni orijino, na bushi zake pia: raba iliyogandishwa kati ya silinda mbili za chuma. Ukiona plastiki nyekundu au nyeusi inayong'aa, si za kiwandani. Kila mkono hushikwa kwenye mguu na pini ndefu yenye uzi pande zote mbili, na katikati yake hupita pini ndogo ya kuifunga. Hapa ndipo mafundi huharibu kazi. Pini ndefu huganda kwa kutu, wanaigonga nyundo, uzi unapanuka kama uyoga na haitoki tena upande wowote. Toa pini ndogo kwanza, loweka mafuta ya kulainisha kutu kwa siku kadhaa, kisha tumia presi. Moja ya zangu ilikuwa imeshageuzwa uyoga.

Fimbo za mbele ni za kiwandani lakini zilivaliwa bushi za plastiki ngumu mbele na nyuma ya mabano. Fimbo inatakiwa kupinda kidogo mkono ukipanda na kushuka. Ukiibana hivyo huchoka na kukatika karibu na uzi. Nilirudisha raba.

Bolijointi, vile viungo vya mviringo kwenye ncha ya mkono wa mbele, zilikuja kwenye boksi la Nissan, kampuni iliyotengeneza Datsun. Boksi si ushahidi, maana hudumu kuliko spea. Soma namba: tarakimu tano za kwanza hutaja kitu chenyewe, mfano 40160 ni bolijointi, 54010 springi ya mbele, 54320 kikalio cha juu cha mguu. Kundi la pili huelekeza kwenye gari. E41 utaiona kwenye spea nyingi za 240Z.

Muuzaji alinikumbusha pia kwamba gari hili lilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Ni kweli, lakini kwa anayetafuta vya kiwandani hiyo ni sababu ya kuongeza mashaka: gari la mashindano huongezewa vyuma na weldi kila mahali.

Wakati wa kufunga, nati za bushi za raba ziache legevu, shusha gari litue kwa uzito wake, ndipo uzikaze. Ukizikaza gari likiwa juu ya jeki, raba hubaki imejipinda muda wote na kuchanika mapema. Miguu na mikono ningeinunua tena kwake. Springi, hapana.