Programu ya kuhariri picha: kabla ya kulipa, tafuta slaida ya rangi ya chungwa

Mwezi uliopita nilimkabidhi bibi harusi albamu yake, nusu picha za rangi, nusu nyeusi na nyeupe. Shangazi yake akaichukua ile picha ya mikono miwili juu ya mto, akaisogeza dirishani, akaniuliza, "Mwanangu, hina iko wapi?" Nikaangalia. Mikono ilikuwa mitupu. Maua yote yaliyochorwa kwa saa nne, tangu kucha hadi karibu na kiwiko, yalikuwa yamezama kwenye ngozi. Na programu niliyoigeuzia picha hiyo nilikuwa nimeinunua wiki mbili tu kabla, kwa pesa ya maana, kwa sababu tangazo lake lilisifia nyeusi na nyeupe.

Kwa hiyo hapa sizungumzii kasi ya programu wala wingi wa vichujio. Nataka uangalie kitu kimoja: ukigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, unapewa slaida ngapi za rangi (vile vitufe vya kuburuta ili kupandisha au kushusha kila rangi), na je, chungwa imo?

Ndani ya programu, picha hiyo bado imebeba rangi zake. Slaida ndizo zinazoamua nyekundu itoke na giza kiasi gani, njano ing'ae kiasi gani. Ngozi ya mtu, awe mweupe, maji ya kunde au mweusi tii, kwa sehemu kubwa huangukia kwenye chungwa. Kinachotofautiana ni giza lake. Hina na midomo huelekea zaidi kwenye nyekundu. Programu isiyo na chungwa inaigawa ngozi kati ya nyekundu na njano. Ukipandisha nyekundu ili uso ung'ae, hina na midomo vinapanda pamoja nao na kufifia. Ukikimbilia njano, mkufu wa dhahabu unaungua kwa mwanga. Chungwa ikiwepo, unaipandisha kidogo, unashusha nyekundu, na maua ya hina yanajitokeza petali kwa petali. (Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mwilini, haisumbui hivi, yenyewe ni nyeusi tangu mwanzo.)

Namba moja kwangu ni Lightroom, na sioni haya kuipendelea. Ina slaida nane, chungwa ikiwemo. Tangu 2022 inaweza kuitambua ngozi ya kila mtu kwenye picha na kuitenga, kwa hiyo bwana harusi mweusi na bibi harusi mweupe kila mmoja unamrekebisha peke yake. Ukitaka ile kahawia ya picha za zamani, kuna magurudumu matatu ya kutia rangi: la vivuli, la sehemu za kati na la sehemu zenye mwanga. Mimi hugusa vivuli tu.

Photoshop ni ya pili, ila kwa sharti. Zana yake ya kawaida ya nyeusi na nyeupe ina slaida sita, na chungwa haimo. Fungua Camera Raw, zana nyingine ya kuhariri iliyo ndani yake, utazikuta zote nane. Wengi wanayo miaka na miaka bila kujua.

Capture One naiheshimu sana kwa picha za rangi. Zana yake ya ngozi inasawazisha uso wenye mabaka vizuri mno. Lakini kwenye nyeusi na nyeupe ni slaida sita, kwa hiyo namba tatu. Affinity nayo ni sita; tangu Oktoba 2025 inatolewa bure.

Za bure nyingine: RawTherapee inayo chungwa, ila menyu zake zinachosha. GIMP inakupa nyekundu, kijani na buluu basi. Snapseed ni ya kuharakisha kwenye simu.

Sasa bei. Mpango wa Lightroom na Photoshop wa dola 9.99 kwa mwezi ulifungwa kwa wateja wapya Januari 2025, na sisi tunaolipwa kwa shilingi ndio tunaoumia zaidi. Soma pia masharti: mpango wa mwaka unaolipwa kila mwezi, ukiukatisha katikati, unatozwa. Serikali ya Marekani iliishtaki Adobe, kampuni yenye Lightroom na Photoshop, kwa jambo hilo Juni 2024. Naipenda programu yao, lakini hili silitetei.

Wanaoniudhi kuliko wote ni wauza priseti, yaani mipangilio ya slaida iliyokwisha kuandaliwa. Nimewahi kununua kifurushi cha "ngozi ya Kiafrika" mtandaoni. Nikafungua priseti moja nione slaida zilivyopangwa: chungwa imeshushwa hadi chini kabisa, kila uso unatoka kama mkaa. Nilipomwandikia muuzaji, akanijibu niongeze mwanga. Mwanga! Kuta zikawa nyeupe pe, uso ukabaki palepale. Nikamtumia picha ya slaida yenyewe na mshale juu yake. Mpaka leo hajajibu, na kifurushi bado kinauzwa.