Data imebaki Mwanza, kazi nimeituma: Bacalhau kwenye terminali

Gigabaiti 80! Shikeni hiyo namba kwanza, salamu zinafuata. Binamu yangu yuko Mwanza, anauza vocha za wifi, na kompyuta yake imejaa kumbukumbu za miaka mitatu, faili juu ya faili. Anataka kujua jambo moja tu: wateja wanaingia kwa wingi saa ngapi? Mimi niko Dar. Laini yake inapakia megabiti 5 kwa sekunde, kwa hiyo kunitumia mzigo wote huo ni zaidi ya saa 35, tena umeme usikatike na bando lisiishe. Leo nawaonyesha nilivyopata jibu bila faili hata moja kutoka Mwanza.

Karibuni sana, ndugu zangu. Chombo chenyewe ni Bacalhau, programu huria, haina malipo, na unaiendesha kwenye terminali, lile dirisha la kuandika amri. Mradi ulianzia Protocol Labs mwaka 2022. Jina ni la Kireno, ni yule samaki wa chumvi anayependwa sana Ureno. Kwa Kiingereza samaki huyo ni cod, na herufi hizohizo ndizo kifupi cha maneno yao Compute over Data, yaani kupeleka hesabu kule kwenye data. Wareno walishatuachia meza, leso na bendera, kwa hiyo ulimi wetu utalizoea na hili.

Kusakinisha napita, ni mstari mmoja. Docker, programu ya kuendesha kazi ndani ya boksi lililofungwa liitwalo kontena, tulishaifanya humu, wageni itafuteni kwenye orodha. Mimi natumia toleo la 1.4.

Sasa njooni karibu na kioo. Nina mashine tatu: seva ndogo ya kukodi ndiyo mratibu anayegawa kazi, laptopu yangu, na kompyuta ya binamu. Naandika bacalhau docker run. Halafu nataja folda, na sikilizeni vizuri, ni folda ya kule kwake, hapa kwangu haipo kabisa! Naomba ifunguliwe ndani ya kontena. Naweka sharti: nodi, yaani mashine itakayofanya kazi, iwe na lebo ya mwanza. Kisha imeji ya ubuntu, kifurushi cha Linux kinachojaza kontena, na mwisho mstari ambao kila mtu wa Linux anaujua: zcat, awk, sort, uniq, kusoma kumbukumbu na kuhesabu walioingia kila saa. Enta.

Mnaona? Hatua zinashuka moja moja, kila moja na sekunde zake. Nodi inajipima kwanza, ina nafasi? Folda inayo? Ndipo inakubali kazi. Kilichosafiri kwenda Mwanza ni imeji ya takriban megabaiti 30 na mstari wangu mmoja. Megabaiti 30 dhidi ya gigabaiti 80, jamani! Kwa mtu anayenunua bando kwa siku, hii ndiyo sababu ya kukaa na chombo hiki.

Na tazameni hiki. Nabonyeza Ctrl+C, vitufe vya kukatiza amri, makusudi. Kazi haijafa! Imeniambia wazi kwamba naweza kuondoka, yenyewe inaendelea. Nafunga laptopu, nazima modemu, nakwenda kuchemsha chai. Nikirudi naandika bacalhau job describe na namba ya kazi, inayoanza na j na kistari. Kule kwa binamu hatukufungua mlango wowote kwenye ruta, kwa sababu kompyuta yake ndiyo inayompigia mratibu. Hata ukiwa kwenye hotspoti ya simu inakubali.

Kuna aliyeniuliza juzi, je, siwezi kumpekulia picha zake za familia? Siwezi. Folda ninayoifikia ni ile aliyoiorodhesha mwenyewe alipowasha nodi, na nimeifungua kwa kusoma tu.

Kinachoniudhi sasa. Kwenye toleo hili langu, intaneti ndani ya kazi imefungwa mpaka uiombe. Skripti yako ikitaka kupakua maktaba katikati ya kazi, inakwama. Nilikasirika kweli, ila nikimfikiria binamu aliyeachia kompyuta yake watu waendeshe vitu vyao, naona wako sahihi. Lisilonitoka moyoni ni amri kubadilishwa majina. Maelekezo mengi ya zamani yanasema bacalhau list, sasa ni bacalhau job list, na anayeanza leo anadhani amekosea yeye.

Golem je? Akash? Mmeniandikia sana. Hizo ni soko: unakodi mashine ya mtu usiyemjua, unalipa kwa sarafu za kidijitali. BOINC nayo ni ya kujitolea kwa wanasayansi, ndiyo iliyobeba SETI@home, mradi wa kutafuta viumbe wenye akili nje ya dunia, mpaka ilipoacha kugawa kazi Machi 2020. Ukitaka mtandao usio na kichwa, Golem inakaribia zaidi, maana huku mratibu wangu ni mmoja, na akizimika sitatuma kazi mpya. Hilo nalihesabu kuwa upungufu mkubwa. Lakini mashine zikiwa zako na za ndugu zako, sioni sababu ya kununua sarafu. Gharama yangu ni ile seva tu, dola 5 kwa mwezi.

Haya, chai imeiva na laptopu imewaka. Job describe... hii hapa. Mistari 24, mstari mmoja kwa kila saa. Wenye watu wengi kuliko yote ni wa saa 18, na ruta yake inaandika saa za UTC, saa ya kimataifa, ongeza tatu, ni saa tatu usiku. Nimempigia hapohapo. Kumbe kibanda chake amekuwa akikifunga saa mbili na nusu.

Mstari mzima wa amri uko kwenye maelezo hapo chini. Video sasa zinatoka Alhamisi badala ya Jumapili, na Alhamisi hii tunaongeza nodi ya nne, simu ya zamani yenye Linux.