Torino na watoto wawili: makaburi, lifti ya kioo na Jumanne yangu mbaya

Shule zilipofungwa mwezi wa sita niliwapeleka wanangu, wa darasa la tano na wa darasa la tatu, kwa mama yao mdogo anayeishi Torino, Italia. Yeye alikuwa anashinda kazini, kwa hiyo mizunguko ikawa yetu watatu, kwa tramu namba 4 na miguu.

Palipolipa nauli yote ni Museo Egizio, makumbusho ya Misri ya kale iliyoanzishwa mwaka 1824. Nilijiandaa kwa nusu saa ya kutazama masanamu, halafu "mama, njaa". Tulikaa saa tatu na zaidi. Kilichowanasa ni chumba cha Kha na mkewe Merit. Kha alikuwa msimamizi wa mafundi waliochonga makaburi ya mafarao, na kaburi lake mwenyewe lilikutwa mwaka 1906 wezi hawajaligusa. Basi vitu vya nyumbani vipo: mikate iliyokauka, nguo zilizokunjwa, kigoda, mchezo wa kete. Binti yangu aligandia wigi la Merit, nywele zimesokotwa vimisuko vyembamba mno. "Mama, huyu msusi wake anajua kuliko wa kwetu." Sikubisha. Mdogo wake alikitazama kitanda kilichotandikwa shuka, na mahali pa mto pana kigogo cha kuegemezea kichwa, akauliza kama shingo haikuwauma. Baadaye tukahesabu masanamu ya Sekhmet, mungu mwenye kichwa cha simba jike. Yako 21, na tuligombana mara mbili kabla ya kukubaliana.

Kosa langu: tiketi nilinunua kwenye tovuti ya watu wa kati, nikaongeza euro kadhaa kwa ajili ya "mwongozaji wa watoto". Mwongozaji mwenyewe akawa ni kiungo cha kusikiliza sauti kwenye simu. Nunueni kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe.

Jumanne tukaenda Mole Antonelliana, lile jengo lenye mnara mrefu kama sindano, mita 167.5, lililochorwa kwenye sarafu ya Italia ya senti 2 za euro. Tumefika mlangoni, pamefungwa. Makumbusho ya sinema iliyomo ndani haifunguliwi Jumanne, na mimi sikuangalia. Mwanangu alininunia mpaka nyumbani.

Jumatano tukarudi. Lifti ni kisanduku cha kioo kinachopanda kwa kamba za chuma tu katikati ya kuba, hakuna kuta za kukizunguka, unaona watu walioketi chini wakizidi kuwa wadogo. Nilifumba macho, nakiri. Watoto walicheka. Juu, mita 85, tuliona mapaa mekundu na milima ya Alps, ingawa ukungu wa joto uliifunika nusu. Foleni ni ndefu, wahini asubuhi.

Maji msinunue. Vibomba vya kijani vyenye kichwa cha ng'ombe dume viko kila mtaa na maji yake yananyweka; watoto walikuwa wanashindana nani atakiona cha kwanza. Aiskrimu sitaizungumzia, ilikula bajeti.

Jioni mdogo wangu alituelekeza soko la Porta Palazzo, tutafute ndizi za kupika na mihogo. Tukachelewa, siku za kazi wauza mboga wanafunga mchana. Tukala tambi.