Chupa ya maji ya jeshi: ya Mjerumani au ya Mwingereza?

Huku Iringa na Mbeya mtu akiokota chupa ya maji ya kijeshi shambani au kwa wauza chuma chakavu, basi moja kwa moja "hii ya Mjerumani hii", na bei inapanda hapohapo. Tulieni kidogo wadau, Waingereza nao walipita huku, jeshi la jenerali wao Northey liliingia Iringa mwaka 1916, kwenye vita ya kwanza ya dunia, na askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari wa Kiafrika) waliendelea kutumia vifaa vya Mwingereza mpaka vita ya pili.

Anza na sumaku, hata ile ya spika mbovu inatosha. Chupa ya Mjerumani ya kabla ya vita ya kwanza ni aluminiamu, nyepesi, sumaku haishiki. Ya Mwingereza ni chuma kilichopakwa enameli, mara nyingi ya bluu, ukikuta imebanduka unaona kutu nyekundu chini yake, na kwa nje ilikuwa na koti la kitambaa kizito cha kaki ila huku mchwa wameshalimaliza zamani. Ila sumaku peke yake isikudanganye, vita ilipokolea Wajerumani nao walitengeneza za chuma.

Ndo maana mi naamini zaidi alama. Mshale mpana uliogongwa ni mali ya serikali ya Uingereza, mshale ndani ya herufi U ni Afrika Kusini. Kwenye mikanda Mjerumani alipenda ngozi, Mwingereza turubai la pamba.

Na msiisugue kwa steelwire jamani, mnafuta alama zenyewe.